Pumzi Inapokatika Kwenye Salamu

Mwaka nilioanza kazi ni ule watu walikula wali na nyama siku mbili bure kwa ajili ya Uhuru, na siku ya tatu wakarudi kwenye ugali wa muhogo na kisamvu kama kawaida. Mimi huo wali niliula nimesimama, maana siku ya pili ya sherehe ndiyo nilikabidhiwa ufagio wa zahanati. Walioshiba kupita kiasi walikuwa wamejaa barazani wameshika matumbo. Nikajiambia, kumbe kazi ya uganga ni kufagia matapishi. Kwa miezi mingi haikuwa zaidi ya hapo.

Naandika haya kwa ajili yenu wahudumu na wauguzi mnaobaki. Mimi nimestaafu mwezi uliopita. Mjukuu wangu mkubwa ni muuguzi, tena muuguzi hasa, na amejitolea kunisahihishia maandishi. Nimemkatalia. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na watoto wanne na wa tano tumboni. Atakayekuta herufi zimelala azinyanyue mwenyewe. Vyeo na mishahara sitaandika. Cheo changu kilikuwa kimoja, mhudumu, na hakikunisumbua kichwa.

Zahanati yetu ilikuwa ndani kidogo ya barabara ya Kitomanga. Vyumba viwili, baraza, benchi refu, na tangi la maji upande wa jikoni. Mganga alikuwa Bwana Mkwanda, Mmakonde wa kutoka juu Newala, Mkristo, mwembamba kama mti wa bendera. Alikuwa na kipimo kimoja cha kusikilizia moyo, mpira wake umefungwa plasta sehemu tatu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa. Mimi nilikigusa mwaka wa nne. Hayo yatafuata.

Kwanza niseme kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Bwana Mkwanda aliona nina macho, akaniambia, "Bi Tatu, watu ni wengi. Pita barazani uwaulize hali zao. Walio vibaya walete mbele, walio wazima wangoje." Nikapita nimejaa fahari, ufagio nimeuegemeza ukutani ili watu wajue leo siyo wa kufagia. Mwishoni mwa benchi alikaa Bi Asha, mpika chumvi kutoka ufukweni. Tangu usichana wake alikuwa akichemsha maji ya chumvi ndani ya kibanda cha makuti, moshi unamzunguka asubuhi mpaka jioni. Miguu imevimba, nguo imempanda juu ya vifundo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Na wewe, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Nikamwacha palepale mwisho. Mbele nikampeleka kijana mmoja mwenye jino, aliyekuwa analia kama mbuzi wa Idi. Jino lilipotoka na kijana akanyamaza, Bi Asha alikuwa ameegemea ukuta kama aliyesinzia. Nikamgusa bega. Alikuwa ameshakufa, mkono umeshika pindo la khanga.

Bwana Mkwanda hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniuliza tu, "Alisema nini?"

"Alisema hajambo."

"Na siku mama yako alipofariki, watu wakija msibani wakikuuliza hujambo, wewe ulijibu nini?"

Nilijibu sijambo. Nani hajibu hivyo? Kwetu mtu anaweza kuwa ameng'atwa na nyoka na bado atasema sijambo kwanza, kisha ndiyo aonyeshe mguu.

"Basi," akasema, "hali hatuulizi tena. Tunatazama."

Akanifundisha kutazama. Bonyeza kidole juu ya mguu, hesabu taratibu mpaka kumi, uone kama shimo linabaki. Mlaze mtu nusu kulala, utazame mshipa wa shingo umepanda mpaka wapi. Ukiona unapiga karibu na sikio, usianze mazungumzo ya mavuno. Tazama midomo na kucha kama zimepata rangi ya zambarau. Tazama jinsi anavyovua kandambili: mwenye moyo uliochoka hainami, anazipiga teke. Hilo la kandambili hakunifundisha yeye, niliona mwenyewe. Akalisema kwa daktari wa Lindi kama lake. Nimemsamehe.

Lakini lililo langu kabisa ni la salamu. Watu wetu hawasalimii neno mojamoja. Mtu mzima akikusalimu anazitoa zote kwa mkupuo: habari za siku nyingi, za nyumbani, watoto hawajambo, mzee hajambo, shamba je, na wageni wenu wameshaondoka? Yote hayo pumzi moja. Nikawa nasikiliza mahali pumzi inapokatika. Huyu anakata kwenye shamba, si neno. Huyu anakata kwenye watoto, namwandika. Huyu anasema "habari" anameza mate, anasema "za nyumbani" anameza tena; huyo namwita Bwana Mganga, hata kama mdomo wake unasema alhamdulillahi. Mdomo una adabu. Pumzi haina adabu.

Kisha nikaongeza matembezi. Nikishasalimiana na mgonjwa namwambia, "Hebu nenda mpaka kwenye tangi urudi, mara tatu, polepole." Akirudi nampa salamu upya kama ndiyo kwanza nimemwona. Wengine walidhani nimerukwa na akili. Bibi mmoja aliniuliza, "Tatu, umenisahau hapa hapa?" Nikamwambia ndiyo, nimekusahau, nisalimie tena. Salamu ya kwanza na ya pili, tofauti yake ndiyo ilikuwa kipimo changu.

Daktari wa Lindi alikuwa anakuja na Landrova siku moja kila mwezi, barabara ikipitika. Ndiye aliyeniambia ugonjwa wa Bi Asha unaitwaje: shinikizo la damu kwenye mapafu. Siyo presha hii ya mkononi mnayoijua. Alinieleza kwa mlango wa stoo. Alisimama upande wa ndani, akaukanyagia mguu, akasema, "Sukuma."

"Haufunguki, Daktari."

"Endelea kusukuma. Sukuma kutwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Ndivyo upande wa kulia wa moyo unavyofanya. Mishipa ya mapafu imebana. Moyo unasukuma damu, damu haipiti. Mwanzo unatuna kama mkono wa mtwangaji. Mwisho unachoka, unalegea. Ukilegea ndipo shingo na miguu inajaa." Nikamuuliza kama ni moshi wa chumvi. Akasema inawezekana, na wengine ni kichocho, wengine wamezaliwa na moyo mbovu, na wengine hajui kwa nini, na hata huko alikosoma hawajui. Nilimheshimu kwa hilo la kutojua kuliko kwa Landrova.

"Nitajuaje nani atakufa mapema?" nikamuuliza. Sikujua kulizungusha.

"Anayehema akipanda kilima ana muda. Anayehema akijifunga khanga hana muda mrefu. Na aliyezimia akiwa amejikaza kwa kazi, huyo usingoje mwezi wa Landrova. Hata kama kesho yake anacheka."

Nikatengeneza daftari. Maneno yalikuwa bado yananishinda, kwa hiyo nilichora. Mwenye kubeba ndoo nzima ya maji kutoka kisimani bila kupumzika, nilimchorea ndoo. Anayebeba nusu, nusu ndoo. Anayeweza kopo tu, kopo. Na yule ambaye maji lazima aletewe kitandani, nilimchorea mkono umeshika kikombe. Kila akija namchora upya mbele ya picha ya zamani. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naomba mlikamate: mtu aliyeshuka kutoka ndoo mpaka kopo kwa msimu mmoja ananitisha kuliko aliyekaa kwenye kopo miaka mitatu. Msitazame amesimama wapi tu. Tazameni anateremka kwa mbio gani.

Bwana Mkwanda alipoliona daftari alilifungua, akalifunga, akanivalisha kile kipimo masikioni. Ndiyo mwaka wa nne niliousema.

Ukaja mwaka wa kula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, asubuhi na unga wa njano jioni. Mvua ilikuwa imekata, muhogo umekuwa kama kamba, na sisi tulikuwa tumeshahamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari miwili. Unga wa njano ulikuja kwa lori na uligawiwa kwa orodha. Walio kwenye orodha ni waliotoka kwenda shamba la kijiji. Ambaye hakutoka alitakiwa alete karatasi ya zahanati. Ikisema mzima, analaumiwa uvivu, anarudi shambani, unga anapata. Ikisema mgonjwa, jina linapelekwa kamati ijadili, na kamati yetu ilipenda kujadili. Mgonjwa aliweza kukaa wiki mbili anangoja kamati, na tumbo halijui kamati.

Somoe alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ana mtoto mmoja, Hidaya. Tangu amzae Hidaya alikuwa anahema. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule nilimchorea ndoo, wa tatu nusu, wa tano kopo. Mkwewe, Bi Mwanahawa, alimwona bado anakwenda kisimani na ndoo nzima, kwa hiyo alidhani mambo ni mazuri. Somoe hakutaka mkwewe ajue, alijikaza akipumzika njiani asikoonekana. Siku moja alianguka njiani, ndoo ikamwagikia juu yake. Wanawake walimleta kwangu amelowa, midomo imebadilika rangi. Alipofumbua macho neno la kwanza alisema, "Sijambo, mama. Nimeteleza."

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji akaja zahanati na orodha. Bwana Mkwanda alikuwa amekwenda Lindi kufuata dawa, ameniachia kalamu na muhuri. Nyuma ya mwenyekiti alikuwepo Somoe mwenyewe, na Bi Mwanahawa, na nusu ya kijiji iliyojifanya inapita.

"Bi Tatu," mwenyekiti akasema, "huyu siku nne hajatoka kwenda shambani. Mwenyewe anasema ni mzima, yuko tayari. Mwandikie nimrudishe kwenye orodha, apate unga wake."

"Huyu alizimia jana."

"Aliteleza," akasema Somoe.

"Mtu aliyeteleza anapiga kelele, Somoe. Wewe ulianguka kimya."

Bi Mwanahawa akadakia, "Mwenzangu, sisi nyumbani tuna midomo sita. Mwandikie tu. Kesho akichoka atapumzika."

"Jembe la shamba la kijiji halina kupumzika, na ninyi mnajua."

Mwenyekiti akashusha sauti, akawa kama ananionea huruma. "Bi Tatu, wewe ni mhudumu. Mganga hayupo. Hata kusoma umejifunza juzi. Unataka kubishana na kijiji kizima kwa neno moja? Andika mzima, tuondoke."

Watu wakacheka. Nikavuta kalamu na karatasi mbele yangu. Namjua Somoe tangu ananyonya. Najua pia kwamba nisipoandika, jioni hiyo Hidaya anakula ming'oko mitupu.

Nikasema, "Siandiki. Mtu aliyezimia simwandiki mzima, hata akinililia mwenyewe."

Nikaandika MGONJWA, herufi kubwa, nikagonga muhuri mara mbili kwa hasira.

Unga wa nyumba yangu niliugawa na nyumba ile siku tisa, na sitaki sifa, nilikuwa nanuna kila siku. Bwana Mkwanda aliporudi hakuniambia nimefanya vizuri. Alimpandisha Somoe kwenye lori lilelile lililomleta, pamoja na mumewe na mimi. Daktari wa Lindi alimsikiliza, akampiga picha ya kifua, akampa vidonge vya kukojoza, akamwambia mbele yangu na mumewe: mizigo basi, chumvi kidogo, na mimba asibebe tena. "Moyo huu ulibeba mimba moja ukabaki hivi. Ya pili huenda ikamaliza, na hatari kubwa siyo siku ya kuzaa tu, ni siku zile za baada ya kuzaa, watu wakishaanza kupongezana." Mumewe alitazama chini. Somoe alisema, "Asante, Daktari," kwa pumzi mbili.

Kamati ikamaliza kujadili. Somoe akapewa kazi ya kukaa, kulea watoto wa walioko shambani, na jina lake likarudi kwenye orodha. Ningetamani kuishia hapo kwa fahari.

Lakini lile daftari langu lilikuwa limejulikana. Nilikuwa nalisema kwa sauti, mbele za watu, huyu ndoo, huyu kopo, huyu wa kuletewa. Maneno yakatoka barazani yakaenda kisimani. Wanawake wakawa wanamwambia Somoe akipita, "Mpisheni wa kuletewa!" Wake wenza kwenye ugomvi walitupiana, "Kopo wewe!" Hilo nililifanya mimi. Jifunzeni kwangu: mnachompimia mgonjwa kisitoke mlangoni kwenu. Baada ya hapo nilichora bila kusema, na daftari likalala kwenye sanduku la dawa.

Somoe hakunisamehe. Miaka miwili hakunisalimu. Akipita mbele ya nyumba yangu anatazama upande wa pili kama mimi ni choo. Mimi nilikuwa nakaa kibarazani napepeta unga huku namsikiliza anavyosalimiana na jirani. Mwaka wa kwanza alikuwa anakata kwenye watoto. Baadaye akafika kwenye mzee. Baadaye akafika mpaka kwenye shamba. Nilikuwa naingia ndani kumchora bila yeye kujua. Nusu ndoo. Nusu ndoo. Nusu ndoo. Alikuwa hateremki. Kazi ile ya kukaa na vidonge vile vilikuwa vinamshikilia, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mwisho wa mwaka wa pili, asubuhi, nikasikia hatua kwenye kizingiti cha zahanati. Alikuwa Somoe, na ndoo nzima ya maji kichwani, imejaa mpaka ukingoni. Ametoka nayo kisimani. Hakuitua.

"Shikamoo, mama. Habari za siku nyingi, za nyumbani, watoto hawajambo, baba hajambo, shamba je, na wajukuu wameshapona surua?"

Pumzi moja. Sikuamini masikio yangu.

"Marahaba, mwanangu. Wamepona. Tua ndoo."

"Situi mpaka unione."

"Nimekuona. Unataka nini?"

"Karatasi. Niandikie mzima." Akaeleza akiwa amesimama, maji yanacheza juu ya kichwa chake. Mkwewe amesema maneno yamekwisha. Kama mke ni mgonjwa, arudi kwao akapumzike, mume aoe. Kama ni mzima, azae. Mumewe hasemi kitu, anatazama chini, kama kule Lindi. "Bi Mwanahawa kasema neno lako atalikubali. Lako tu, mama. Anasema Bi Tatu hana haya, hawezi kudanganya."

"Zunguka tangi."

"Na ndoo?"

"Umekuja nayo. Zunguka nayo, mara moja tu."

Akazunguka. Nilimtazama shingo tangu anageuka. Mshipa ulikuwa unapanda kama unatafuta sikio. Aliporudi maji yalikuwa yanamwagika mabegani.

"Hujambo, Somoe?"

"Sijambo. Habari za... nyumbani. Wato..."

Nikainuka nikaitua ile ndoo mwenyewe, nikamkalisha benchi. Tulikaa mpaka kifua chake kikatulia.

"Umenichosha kwa makusudi," akasema.

"Ndiyo."

"Sijazimia tangu mwaka wa unga wa njano!"

"Kwa sababu hujabeba kitu tangu mwaka wa unga wa njano. Mwanangu, ndoo hii siyo anayoisema mkweo. Anayoisema ni mimba, ya kubeba miezi tisa, hutui, halafu moyo uanze kazi upya siku umeshachoka."

"Na nikirudi kwetu nitakuwa nani? Wa kuletewa?" Akajifuta maji ya mabegani kwa khanga. "Watu wamezaa na magonjwa makubwa kuliko haya. Wewe unajuaje kama mimi nitakufa?"

"Sijui. Hata daktari hajui. Najua mlango umekanyagiwa, na wewe unataka kuusukuma ukiwa na mtoto mgongoni."

"Basi ni maisha yangu! Ni neno moja, mama. Herufi tano. Mwenyewe nimeshazihesabu." Akashika mkono wangu wa kuandikia kwa mikono yake miwili, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso. Alikuwa analia kama siku niliyomtoa mwiba akiwa na miaka sita. "Sikulaumu nikifa. Nitamwambia Hidaya asikulaumu. Niandikie."

Bwana Mkwanda alikuwa amesimama mlangoni, kipimo shingoni, amesikia yote. Aliniachia.

Nikautoa mkono wangu mikononi mwake taratibu.

"Siandiki. Mtu aliyezimia simwandiki mzima, hata akinililia mwenyewe."